Kisamvu cha Msibani

Mwaka wangu wa tatu wa kusomea afya ya jamii hapa Sydney nilikuwa nimechoka kiasi cha kujifunza kulala nimesimama. Sitii chumvi. Kwenye treni ya asubuhi kutoka Mount Druitt kwenda mjini, viti vikiwa vimejaa, nilikuwa nashika ile nguzo ya mlangoni, naegemeza paji la uso kwenye mkono, na kuzinduka vituo vinne mbele bila kukumbuka nilivyovipita.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi: siku tatu chuoni, siku mbili fildi, yaani mafunzo ya kazini, na jioni kadhaa pamoja na wikendi kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead. Huko niliwaogesha wazee, niliwavalisha zile soksi za kubana miguu isivimbe, niliwalisha uji kwa kijiko. Chuoni tulisoma jinsi kazi za zamu zinavyoharibu usingizi na moyo wa mtu. Mhadhiri alichora mchoro, nami nikaunakili huku nasinzia, na nilipofungua daftari siku ya pili nikakuta mstari wa kalamu umeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi na kuishia hapo.

Kilichonisaidia kuuvuka mwaka uliotangulia, wa pili, kilikuwa duka moja Granville.

Lilikuwa mtaa wa nyuma, limebanwa kati ya fundi wa matairi na stoo ya mazulia. Mwenyewe alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyekuja Australia baada ya miaka mingi ya kambi nchini Burundi. Mbele aliuza unga wa muhogo, dagaa wakavu, vitenge na mafuta ya mawese. Nyuma alikuwa na jiko na meza mbili, na kila siku alipika maharage, wali, samaki, na kisamvu, ambacho yeye alikiita sombe. Mimi ni mtu wa Morogoro. Sikuwahi kufikiri nitakula kisamvu cha mtu wa Uvira nikalia machozi, lakini siku ya kwanza nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Baada ya hapo nikawa nashuka Granville mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu, nikitoka chuoni kwenda zamu. Alikuwa akiniona tu mlangoni anavuta kiti.

"Kuya, mutoto. Ikala. Unakonda kama kijiti ya kiberiti."

Nami nakaa, nakula, na mara nyingi nalala palepale mezani, kichwa juu ya begi. Aliniamsha mwenyewe wakati wa treni. Hakuwahi kusahau.

Katika mwaka huohuo wa pili tulikuwa na somo la usalama wa chakula. Tulifundishwa kwamba chakula cha kuwekwa baridi kisizidi digrii tano, na cha moto kisishuke chini ya sitini, na kwamba katikati ya hapo ndipo vijidudu vinapozaliana. Wiki moja hivi baada ya mtihani wa somo hilo, mama aliniambia nijichukulie soda kwenye friji. Nikafungua. Soda ilikuwa vuguvugu. Pembeni yake kulikuwa na ndoo ya kisamvu kilichopikwa. Niliiegemezea kiganja. Haikuwa baridi.

Nilirudi mezani na soda yangu, nikainywa, sikusema neno.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijiambia si adabu, mtoto hamfundishi mama mwenye jiko lake. Nilijiambia huenda siku ile friji lilikuwa limefunguliwafunguliwa. Lakini siku nyingine nililigusa tena, na tena, na lilikuwa vilevile. Ukweli ni kwamba kumwambia kungekuwa mazungumzo marefu, na mimi sikuwa na nguvu ya mazungumzo marefu. Nilikuwa na nguvu ya kula na kulala dakika ishirini. Nikaacha kuagiza vya jana, nikawa nauliza tu, "Mama, leo umepika nini asubuhi hii?" Yaani nilijikinga mwenyewe, wengine nikawaacha wale.

Mwaka wa tatu chuo kikanipeleka fildi kwenye baraza la mji, kitengo cha wakaguzi wa chakula. Msimamizi wangu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, ambaye wazazi wake walitoka Lebanoni na yeye akazaliwa mitaa hiyohiyo tuliyoikagua. Kwetu angeitwa bibi afya. Mama yangu mdogo alikuwa mama lishe karibu na stendi ya Morogoro, na nilipokuwa mdogo, bwana afya akitajwa tu, masufuria yote yalifunikwa na watu wakaanza kufagia hata palipokwisha kufagiliwa. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nashuka kwenye gari la bwana afya, na kitambulisho kifuani.

Alhamisi moja msimamizi alinipa orodha ya siku ile. Duka la tatu lilikuwa la mama.

"Hili nalijua," nilimwambia tukiwa ndani ya gari. "Nakula pale."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki. Wakati mwingine tatu."

"Mwenyewe ni ndugu yako?"

"Si wa damu."

Alizima injini, akafikiri. Kisha akasema nina njia mbili: nibaki garini, au niingie ila nisitafsiri. Kutafsiri ni kazi ya mkalimani wa simu. "Wewe utapima joto na kuandika namba. Basi."

Ningeweza kubaki. Lakini gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka kabisa, na mama angeniona kupitia kioo, nimekaa kama mtu aliyekuja kuwaonyesha askari nyumba ya mwenzake. Nikaingia.

Mama aliponiona uso ulimchangamka. "Leo umeniletea mugeni!" Akaanza kupangusa meza.

"Mama, leo niko kazini," nikasema.

Alikiona kitambulisho changu, akakitazama na cha msimamizi, kitambaa mkononi. Msimamizi akajitambulisha kwa upole, akapiga simu, akaiweka juu ya meza ili sote tusikie. Mkalimani alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili safi sana, cha kusomea habari redioni.

"Shikamoo mama. Afisa angependa kufahamu iwapo jokofu lako linadhibiti kiwango cha ubaridi ipasavyo."

Mama aliiinamia simu. Akanigeukia. "Anasema joka? Joka gani?"

Nilikuwa nimeambiwa nisitafsiri.

"Jokofu, mama," mkalimani akarudia, taratibu zaidi. "Lile jokofu lako."

"Baba, hapa ni pasafi," mama akajibu, sasa kwa sauti ya kujitetea. "Hamuna nyoka. Hata siku moja."

Mkalimani akafanya kazi yake kama ilivyotakiwa: akamwambia msimamizi kwa Kiingereza kwamba mwenye duka anasema mahali ni pasafi na hapajawahi kuwa na nyoka. Msimamizi akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Frigo, mama," nikasema. "Anauliza frigo."

"Aaa, frigo!" Akacheka, akapiga kofi moja. "Si aseme frigo." Akatuongoza jikoni. Msimamizi alichukua simu, akanitupia jicho, lakini hakunitoa nje.

Friji lilikuwa limejaa mpaka mlango haufungi vizuri. Ndani kulikuwa na ndoo tatu kubwa za kisamvu, zimeshindiliwa. Mama alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwa fahari: mzee wa kanisa lao amefariki, kilio kiko Mount Druitt, watu watakusanyika saa nane mchana, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupika. Alipika jana adhuhuri ili leo asikimbizane.

Nilitoa kipimajoto, kile chembamba chenye ncha kama sindano, nikakifuta kwa spiriti kama nilivyofundishwa. Nikafungua ndoo ya kwanza, nikakizamisha. Tulisubiri. Kumi na moja. Ndoo ya pili, kumi na mbili. Ndoo ya tatu nilikizamisha polepole, kama kwamba nikienda polepole namba itashuka. Kumi na mbili. Msimamizi akapima tena kwa kipimajoto chake. Ikawa ileile.

Akaniagiza niandike. Nikaandika.

Kisha akazungumza na simu. Mkalimani akasema chakula kile kimekaa muda mrefu kwenye joto lisilo salama na hakiwezi kuliwa. Safari hii mama alielewa.

"Haina taabu," akasema. "Nitachemusha tena. Moto inaua kila kitu."

Msimamizi akatikisa kichwa, akaeleza. Mkalimani akatafsiri: "Afisa anasema kuchemsha hakutasaidia, kwa kuwa huenda tayari kuna sumu ndani ya chakula."

Sijui kama yule mkalimani, huko alikokuwa, alijua alichokisema. Kwa neno hilo, yaani mtu kutuhumiwa kulisha wenzake sumu, kule kwao mama familia zimevunjika na watu wamehama vijiji. Mama alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa friji.

"Sumu? Mimi nilitia sumu mu chakula ya kilio?"

"Hapana, mama," nikasema. Sikumtazama tena msimamizi. "Si sumu ya mtu. Ni vijidudu. Chakula kikikaa bila kupoa sawasawa, vinazaa, halafu vinaacha uchafu wao humo. Moto unaviua vyenyewe, lakini ule uchafu haufi. Watu wanaweza kuharisha. Wazee wanaweza kuumia kabisa. Hakuna anayesema umetia kitu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ileile aliyoitumia kuniamsha wakati wa treni:

"Na weye ulijua frigo yangu iko vile?"

Ningeweza kusema hapana. Msimamizi hakuwa anaelewa, na sauti ile ya chini haikumfikia mkalimani kwenye simu.

"Ndiyo, mama."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mwaka jana."

Msimamizi akamweleza kupitia mkalimani kwamba chakula kitupwe mbele ya mkaguzi, na mama akabeba ndoo ya kwanza mwenyewe. Nilipojaribu kushika ya pili aliivuta kwake. Akazipeleka moja moja hadi kwenye pipa nyuma ya duka, huku fundi wa matairi amesimama anatazama na spana mkononi. Alipomimina, harufu ikapanda: mawese, karanga, kitunguu. Ilikuwa harufu nzuri. Hakuna aliyekinusa chakula kile ambaye angeamini kina ubaya wowote, na mimi mwenyewe, niliyekuwa sijala tangu asubuhi, mate yalinijaa mdomoni.

Msimamizi hakumtoza faini. Alimpa notisi ya kutengeneza au kubadilisha friji, akamwandikia siku ya kurudi kukagua. Tuliporudi garini alikaa bila kuwasha injini.

"Nilikuambia usitafsiri."

"Ndiyo."

"Sitaliandika hilo." Akafungua mkate wake uliofungwa karatasi, akaukata katikati, akanipa nusu. "Leo kuna watu hawataumwa tumbo, na hawatajua kwamba wangeumwa. Kazi hii iko hivyo. Hakuna anayekuja kukushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea."

Alikuwa amechoka na yeye. Nililiona siku ile kwa mara ya kwanza, jinsi alivyotafuna macho yamefumbwa.

Jioni nilienda zamu kama kawaida. Asubuhi iliyofuata, jikoni nyumbani, nilimkuta dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi na ndiye ninayekaa kwake. Alikuwa na sare ya hospitali, anafunga kamba za viatu, huku anawahimiza watoto wavae, nao wakimjibu kwa Kiingereza kila alilosema kwa Kiswahili.

"Ni wewe uliyemwaga chakula cha msiba?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nani kakwambia?"

"Mount Druitt nzima inajua."

"Walikula nini?"

"Mkate na soseji. Halafu kuna mtu akaagiza piza."

"Piza? Msibani?"

"Piza." Alitaka kucheka, akajizuia. Nikamsimulia yote, pamoja na ile soda ya mwaka jana. Alisikiliza, akamaliza kiatu cha pili, akasimama. "Kumwaga mlifanya sawa," akasema. "Hata mimi ningemwaga. Lakini mwaka mzima, mdogo wangu?" Akachukua funguo, akatoka. Alikuwa anachelewa.

Chuo kilitaka niandike tafakuri kuhusu jambo moja lililonifundisha kitu nikiwa fildi. Niliandika juu ya mkalimani, jokofu na sumu. Jinsi neno sahihi linavyoweza kumpotosha mtu likitoka kwenye Kiswahili kisicho chake. Ilikuwa kazi nzuri. Nilipata alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata, na mhadhiri aliandika pembeni kwamba nimekuwa mkweli. Mwaka wangu wa kunyamaza sikuutaja hata kwa sentensi moja.

Kwa wiki kadhaa sikushuka Granville. Treni ilisimama, milango ikafunguka, ikafungwa, nami nimeinamisha macho kwenye simu. Nilikula bisikuti za kwenye mashine ya chuoni. Ukaguzi wa pili msimamizi alienda bila mimi, alisema ndivyo inavyopasa, na alirudi na habari kwamba duka limepita: wanaume wa kanisani walikuwa wametafuta friji kubwa, zima, wakalibeba wenyewe mpaka ndani.

Nilishuka hatimaye siku moja ya mvua, baada ya mhadhara niliolala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa anakunja vitenge kwenye kaunta. Hakuvuta kiti.

"Unataka nini, dada?"

Hakuwahi kuniita dada. Hivyo ndivyo alivyowaita wateja.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

Akaendelea kukunja. "Kuna wenye walisema mimi nilitaka kuua batu ya kilio. Kanisani, wanawake wawili walihama kiti." Akaweka kitenge kimoja juu ya kingine, akanyoosha kona. "Mwaka muzima unakula mu mukono yangu, unanyamaza. Mutoto yangu ya kuzala angeniambia. Uliogopa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno kuhusu heshima, nimeyapanga vizuri kwenye treni. Niliyaacha.

"Sikuogopa, mama. Nilikuwa nimechoka."

Hapo ndipo aliponitazama. Nadhani aliniona nilivyokuwa: koti limelowa, macho mekundu, begi limevimba kwa sare ya zamu.

"Nani hachoke mu hii inchi?" akasema. Hakulisema kwa huruma, wala kwa hasira. Alikuwa kama anauliza kweli. Kisha akaingia jikoni, akarudi na sahani ya wali na maharage, akaiweka mezani, akarudi kwenye vitenge vyake. Nilikula. Sikulala. Nilipomaliza nikalipa kama mteja mwingine yeyote, na nilipokuwa naondoka akasema bila kugeuka:

"Siku ya posho asubuhi unatumika?"

Jumamosi, alimaanisha, na kutumika kwao ni kufanya kazi. Nikamwambia kazi yangu huanza mchana.

"Basi utakuya Mount Druitt, kwa gereji ya dada moja wa kanisa. Benye banapikaka kwa kilio na kwa ndoa, bote batakuwa. Utabaeleza ile mambo. Yote. Na useme Kiswahili ya batu."

Alitaka wanawake wote wanaopikia misiba na harusi wanisikie, kwa Kiswahili cha watu wa kawaida.

Mambo hayakurudi kama zamani, niseme ukweli. Nimeshahitimu, nafanya kazi ofisini sasa, na bado huwa napita dukani kwake. Ananipa chakula kizuri na ananiita dada. Lakini Jumamosi ile nilienda.

Walikuwa wanawake wanane, kwenye viti vya plastiki, ndani ya gereji yenye baiskeli za watoto na magunia ya mchele. Wengi walitoka moja kwa moja kwenye kazi zao, kutunza wazee au kupanga mizigo kwenye maghala, na hawakuwa wamelala. Mama alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Kila nilipotumia neno asilolipenda alinikatiza na kuwapa la kwao, halafu akanifanyia ishara niendelee.

Niliwaeleza kugawa chakula cha sufuria kubwa kwenye vyombo vidogo ili kipoe haraka, kutokishindilia kwenye friji, kupika asubuhi ya siku yenyewe ikiwezekana. Mmoja akauliza nani ana nafasi ya kupika asubuhi ya siku yenyewe wakati anatoka kazini alfajiri. Nikasema, basi wapike wawili wawili, wagawane. Wakaanza kubishana nani atapika na nani, na kwa dakika kumi hawakunihitaji kabisa.

Waliponyamaza ndipo nilipoona kwamba mwanamke wa kiti cha mwisho, aliyekuwa bado amevaa fulana ya njano ya ghalani, amelala. Kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi. Jirani yake akanyoosha mkono amtikise.

"Mwache," nikasema.

Nikamalizia yaliyobaki kwa sauti ya chini.